Nyumba Kumi na Moja za Lukwili

Ramani ile Ambakisye aliileta mwenyewe. Hakutumwa na mtu, wala hakushurutishwa. Alishuka mlimani kwa miguu saa tano nzima, akalala Matema, akapanda gari mpaka Kyela, akaendelea hadi Mbeya, akazungushwa ofisi hii na ile siku tatu. Siku ya nne akatoka na karatasi imeviringishwa ndani ya bomba la plastiki. Akaliweka bomba begani kama askari na bunduki yake. Kwenye gari wakamuuliza, "Mzee, umebeba nini humo?"

"Haki yangu," akasema.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mpaka wa msitu wa hifadhi ulikuwa unawekwa upya katika milima ile inayolisimamia ziwa upande wa mashariki, na kamati ya mipaka ilitangaza kanuni moja, fupi, ambayo hata mlevi angeielewa. Kitongoji kilichokuwepo kabla msitu haujatangazwa kitaachwa, na wenyewe watapewa hati. Kilichoingia baadaye kitashuka. Msitu ulitangazwa mwaka hamsini na tisa. Asiyekuwa na ushahidi wa kabla ya hapo, afungashe.

Ambakisye alikuwa wa ukoo wa Kasyupa. Kasyupa, babu yake, alikuwa mtu wa Mwaya bondeni. Mafuriko yalipomlia mpunga miaka mitatu mfululizo, alipandisha mke, ng'ombe wanne na mbegu za ndizi mpaka kwenye mgongo wa mlima ambao hata nyani walikuwa wakiupita tu. Akafyeka, akajenga, akazaa, akazikwa hapohapo. Mahali pakaitwa kwa jina lake, Kasyupa, na hakuna aliyejua kama pamewahi kuwa na jina jingine. Ambakisye alizaliwa pale, akaacha shule darasa la tano kwa sababu shule ilikuwa chini na mbuzi walikuwa juu, na sasa ana miaka hamsini na nane na shamba la viazi ambalo analijua kwa nyayo zake.

Ushahidi wa maandishi hawakuwa nao. Makaburi ya mlimani hayaandikwi. Ni vichuguu vya udongo vilivyopandwa migomba kandokando, basi. Wazee waliobaki wote ni ndugu wa upande huu au upande ule, na kamati ilishasema neno la ndugu halina uzito. Ndipo mtu mmoja akamwambia Ambakisye kwamba Wazungu waliwahi kuichora milima ile yote, kila kijito na kila nyumba, miaka miwili kabla ya msitu. Akaenda kuitafuta.

Alipoikunjua pale Mbeya, juu ya kaunta, aliona mto wao umepita kwa rangi ya buluu. Aliona pembetatu ndogo mahali penye ile nguzo ya saruji ambayo utotoni walikuwa wakiipanda. Na chini ya nguzo, kwenye bapa la mgongo, mahali penyewe hasa, palikuwa na vidoa vyeusi. Alivihesabu kwa ncha ya kucha. Kumi na moja. Alizijua nyumba zile. Marehemu baba yake, Ezekia, alikuwa akizitaja moja moja: ya babu, ya bibi mkubwa, za ami zake, zizi. Machozi yakamlenga, akaiviringisha karatasi haraka isije ikalowa. Maandishi hakuyasoma. Yalikuwa madogo na miwani aliiacha nyumbani, na kwa kweli, nani husoma jina la kwao?

Kamati ilikaa Mwaya, kwenye ukumbi wa kanisa. Mwenyekiti alikuwa Mzee Hezroni, mwalimu mstaafu kutoka Ngonga, mzee wa kanisa, mtu asiyecheka ovyo. Mpima ardhi wa kamati alikuwa Dorothea, mwanamke wa Moshi aliyehamishiwa huku mwaka uliotangulia, hodari wa kazi yake, ambaye Kinyakyusa chake kilianzia kwenye salamu ya "ugonile" na kuishia kwenye shukrani ya "ndaga."

Dorothea aliitandaza ramani mezani, akaikandamiza pembe kwa chupa za soda.

"Njooni muone wote," alisema. "Hii mistari ya kahawia ni miinuko. Ikisongamana namna hii, ujue hapo ni genge, hapakaliki. Ikiachana, hapo ni bapa, panakalika. Hili ni korongo. Na hivi vidoa ni nyumba. Vilichukuliwa kwa picha za ndege. Ndege haina ndugu wala jirani. Nyumba zilikuwepo mwaka hamsini na saba."

"Kwa hiyo?" akauliza Mzee Hezroni.

"Kwa hiyo mgongo huu unaachwa nje ya msitu. Hakuna ubishi."

Ambakisye alisimama nusu, akakaa, akasimama tena. Alitaka kuimba.

Nyuma ya benchi la tatu alikuwepo Gwamaka. Huyu alikuwa rika lake, jirani yake wa ng'ambo ya korongo, mahali panapoitwa Lukwili. Ni mtu wa maneno matamu, anayeweza kukuomba mbuzi na ukamshukuru. Watu wa Lukwili walikuwa na hofu kuliko wote, kwa kuwa kila mtu alijua wamekuja juzi. Gwamaka akajongea mezani, mikono nyuma, kichwa kikiinama kama anasoma tangazo la msiba.

"Dada mpima," alisema kwa upole, "hayo maandishi hapo juu ya nyumba yanasemaje?"

Dorothea akainama. "Lukwili," akasoma.

Gwamaka akatega sikio.

"Rudia, dada yangu, masikio ya kizee haya."

"Lukwili. L-U-K..."

"Basi, basi, yametosha." Gwamaka akamgeukia Ambakisye, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Ndaga fijo, nkamu. Ndugu yangu, miaka yote natafuta karatasi ya kwetu, kumbe ulikuwa unanitafutia wewe."

Watu wakacheka. Ambakisye akauchomoa mkono wake.

"Gwe Gwamaka, usinichekeshe! Lukwili ni kule kwenu, ng'ambo, kwenye mawe! Wewe ulikuja mwaka sabini na nne unakimbia operesheni ya vijiji, ukiwa mtoto wa miaka minane umeshika nguo ya mama yako, na baba yako kabeba kuku wawili. Nani asiyejua?"

"Tulirudi," alisema Gwamaka. "Kurudi si kuja. Pale penye nyumba kumi na moja palikuwa petu, Lukwili ya kwanza. Babu zako walipopanda na ng'ombe wao tukawapisha, tukashuka. Tuliporudi tukakuta mmekaa, tukavuka korongo tusigombane. Hayo makaburi unayoyapalilia kila Pasaka, mwenzangu, ndani yake wamo wa kwetu."

Uongo una miguu mifupi, lakini ule ulikuwa umepewa punda. Ambakisye alimrukia kwenye kola. Watu wakawaachanisha, na Mzee Hezroni akapiga meza kwa kiganja.

"Dada Dorothea, hakuna ramani nyingine?"

Zilikuwepo mbili, za miaka ya baadaye. Dorothea alizileta wiki iliyofuata. Ambakisye safari hii alikuja na miwani, akasoma mwenyewe, herufi kwa herufi. Lukwili. Lukwili. Mashahidi watatu, akasema Gwamaka, na Biblia inataka wawili tu.

Baada ya kikao Dorothea alimkuta Ambakisye amekaa kwenye ngazi za kanisa, ameshika kichwa.

"Mzee, nikueleze kitu," alisema, akakaa naye. "Hizi mbili hazikwenda mlimani. Zilinakiliwa kutoka ile ya kwanza. Kosa likiingia kwenye ya kwanza, wajukuu wanalirithi. Kwa hiyo usihesabu mashahidi watatu. Shahidi ni mmoja."

"Nani huyo?"

"Sijui. Ndege inaona nyumba, haijui jina. Jina lazima mtu apande kwa miguu aulize. Hapa chini pameandikwa, majina yalikusanywa mwaka uleule. Kuna mtu alipanda kwenu akamuuliza mtu. Kama yupo aliyekuwepo siku ile na bado ana akili zake, mlete aseme kwa mdomo wake. Nitamsikiliza hata akiwa ndugu, maana huyo aliona."

Ambakisye akahesabu wazee kwa vidole. Mtu mzima wa mwaka ule aliyebaki hai kule juu alikuwa mmoja tu, naye alikuwa mama yake.

Neli alikuwa na miaka themanini na minne, mwembamba kama mwiko, macho mazima. Alikuwa Mkisi wa ufukweni, binti wa wafinyanzi, aliyeolewa juu kwa Wanyakyusa akiwa na miaka kumi na saba. Mpaka leo aliletewa udongo kutoka kwao, debe moja kwa msimu, akafinyanga vyungu viwili vitatu vya nyumbani. Ambakisye alimkuta nje, chungu mapajani, anakikwangua kwa kipande cha kibuyu.

Alimweleza yote. Mama aliendelea kukwangua, mpaka aliposikia habari ya jina. Hapo kibuyu kikasimama.

"Alikuwa na ndevu nyekundu," alisema. "Na kitu cha miguu mitatu."

"Ulimwona?"

"Aliniuliza mimi."

Ambakisye akakaa chini, kwenye vumbi.

"Wanaume wote walikuwa wamekimbilia kwenye mianzi," Neli alisema. "Walidhani ni watu wa kodi ya kichwa. Wamama nao wakajifungia. Mimi nilikuwa mtoni, sikujua. Nilikuwa na miezi mitatu kwenye nyumba ya baba yako. Napanda na chungu kichwani, nawakuta wamesimama njiani, yeye na mkalimani na askari. Mkalimani akasema, 'Wewe mwanamke, hapa panaitwaje?' Anaonyesha chini, hapo miguuni pake. Mara ya kwanza nikanyamaza. Mara ya pili nikanyamaza. Askari akasema, 'Huyu bubu au jeuri?' Nikaogopa. Nikamtajia la kule ng'ambo, nikaonyesha kwa mdomo. Nikasema akiandika hilo, wanaume wakitoka watamsahihisha. Akaandika. Hawakumsubiri mtu. Wakapanda juu kujenga nguzo yao."

"Mama! Kwa nini hukusema jina la hapa?"

Neli alimtazama mwanawe kama anamtazama mtoto aliyeuliza kwa nini watu hawatembei uchi.

"Ningelisemaje?"

Hapo ndipo Ambakisye alipoelewa, na akaona aibu kwamba hakuelewa mapema. Mwanamke wa Kinyakyusa hataji jina la baba mkwe wake. Hamtazami, hakai naye, akimwona njiani anaingia porini na kujifunika. Vitu vinavyofanana na jina lake anavitafutia majina mengine. Na kitongoji kilikuwa kinaitwa kwa jina la baba mkwe. Ambakisye akapekua kichwa chake miaka hamsini nyuma, asikute hata siku moja mama yake alipotamka "Kasyupa." Alikuwa akisema "juu." Alikuwa akisema "nyumbani." Alikuwa akisema "kwetu." Watoto walidhani ndivyo anavyoongea tu. Wake wengine wa ukoo siku hizi walishalegea, wananong'ona, wanacheka. Neli hakulegea. Alikuja akiwa Mkisi, mtu wa vyungu, wakamsema kwamba hatajua heshima, naye akaamua kuijua kuliko wenyewe.

"Mama, utashuka nami Mwaya. Utasema mbele ya kamati yale uliyoniambia."

"Nitasema ya ndevu. Nitasema ya mtoni."

"Na jina."

"Jina watasema wengine."

"Wengine hawakuwepo!"

"Basi waandike, mimi nitatia dole."

"Mama, mwenyewe amekufa tangu sijabalehe."

"Kwani mimi nimeacha kuwa mkwe wake?" Akachukua kibuyu chake. "Usinipigie kelele, Ambakisye. Chungu kinasikia."

Ilichukua siku mbili kumshusha. Walimbeba kwa zamu kwenye machela mahali penye miamba, na penye bapa alikataa kubebwa. Ambakisye njia nzima alikuwa akimbembeleza, mara kwa sauti ya chini, mara kwa ukali. Alimtajia makaburi. Alimtajia baba, Ezekia, aliyelala pale karibu na migomba. Alimwambia Gwamaka atalima viazi juu ya kifua cha mumewe.  Mama alikuwa akitazama mahali anapoweka mguu.

Ukumbi ulijaa. Watu wa Kasyupa upande mmoja, wa Lukwili upande wa pili, na katikati watu wa Mwaya waliokuja kuona tu. Neli alipewa kiti, akakataa, akakaa chini kwenye mkeka, kitenge kimemzunguka. Alisimulia bila kukwama. Mto, chungu, mkalimani, askari, ndevu. Alitaja hata mvua iliyonyesha jioni yake. Dorothea alikuwa akiandika mbio, na uso wake ulikuwa umechangamka.

"Kwa hiyo, bibi, jina ulilompa halikuwa la pale?"

"Halikuwa la pale. La ng'ambo."

"Na pale penyewe palikuwa panaitwaje?"

Neli akanyamaza.

Ambakisye akasimama. "Panaitwa Kasyupa! Mama aitikie tu kwa kichwa."

"A-a!" Gwamaka naye akasimama, kidole juu. "Mwenyekiti, hayo ni maneno ya kutiwa mdomoni. Dada mpima alisema shahidi aseme kwa mdomo wake. Mimi namheshimu bibi, ni mama yangu. Lakini aseme mwenyewe."

Alijua. Ambakisye alimtazama usoni akaona kwamba anajua vizuri sana. Gwamaka naye alikuwa ameoa, na mama yake alikuwa mkwe wa mtu.

Dorothea aligeuza kichwa huku na huku. "Kuna tatizo gani? Ni neno moja tu."

"Ni mila, dada," alisema Mzee Hezroni, uso umekunjamana. "Hawezi kulitaja. Lakini na kanuni ni kanuni. Neno la mwanawe hatuwezi kuliandika kuwa neno lake."

"Akinyamaza," alisema Gwamaka kwa huruma nyingi, "si vibaya. Umri ule. Amesahau. Tuandike kwamba amesahau, tumrudishe mama wa watu apumzike."

Ambakisye akaenda mbele, akachuchumaa kwenye mkeka. 

"Mama. Umesikia? Wanaandika umesahau. Wanaandika huna akili. Sema. Mara moja tu katika maisha yako. Sema, mama, la sivyo babu anafukuzwa kaburini mwake na wewe umekaa kimya."

Neli alimtazama. Midomo yake ilikuwa mikavu. Kisha akafanya jambo ambalo vijana wa siku hizi wengi hawajawahi kuliona. Alivuta kitenge akajifunika kichwa chote, uso na yote. Akapiga magoti, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka, kama mwari aliyekutana na baba mkwe wake njiani asipate pa kukimbilia. Na kutoka ndani ya kitenge ikasikika sauti ndogo.

"Kasyupa," alisema.

Wanawake waliokuwa ukumbini waliguna. Mzee mmoja wa Mwaya akachukua kofia yake akatoka nje. Karibu na mlango bibi mmoja akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Si Mkisi yule. Atajua nini zaidi ya vyungu."

Dorothea alikuwa ameshaandika. "Vizuri sana. Asante, bibi. Basi tumepata..."

"Tumepata nini, dada?" Gwamaka aliuliza. Hakuwa anacheka tena. Alizungumza polepole, na hakuzungumza na Dorothea, alizungumza na Mzee Hezroni. "Mwenyekiti, wewe ni Mnyakyusa, mimi ni Mnyakyusa. Hapa tumeambiwa kwamba mwanamke huyu mwaka hamsini na saba alikuwa na heshima kubwa kiasi kwamba hata mbele ya askari alishindwa kutaja jina la mkwe wake. Ndiyo sababu ramani ikakosewa. Ndiyo hadithi yao yote, imesimama juu ya mguu huo mmoja. Sawa. Leo je? Leo ametaja. Mbele ya watu mia. Kama ana heshima ile, asingetaja. Na kama hana, basi na siku ile angetaja. Chagua lolote, mwenyekiti. Mimi najua mkwe hataji. Huyu ametaja. Basi huyo aliyemtaja si mkwe wake, na jina hilo si la mahali pale. Amefundishwa."

"Mwongo!" Ambakisye alipiga kelele. "Umemlazimisha wewe!"

"Mimi?" Gwamaka akafungua mikono. "Aliyechuchumaa hapo mbele akamwambia sema, sema, ni nani?"

Mzee Hezroni alivua miwani, akaifuta, akaivaa. 

"Mama yangu mzazi," alisema mwishowe, "aliugua miezi saba. Mwishoni alikuwa hajitambui, anaongea na watu waliokufa. Jina la babu yangu hakulitaja. Tulikuwa tunamsikiliza usiku na mchana, hakulitaja. Nami siwezi kuweka sahihi yangu kwamba huyu ni mkwe, kisha mama yangu naye nikamwita mkwe."

"Mwenyekiti," Dorothea alisema, "hiyo haina uhusiano na ushahidi. Amesema kwa sababu tulimtaka aseme."

"Dada, haya ni ya kwetu."

"Lakini mimi namwamini."

"Andika kwamba unamwamini. Sisi wengine sita tutaandika letu."

Wakaandika. Mgongo wenye nyumba kumi na moja ulitambuliwa kuwa Lukwili, wenyewe ni ukoo wa Gwamaka, hati itafuata. Waliokaa pale kwa jina jingine walipewa muda wa kuvuna viazi vilivyo ardhini.

Nje, Gwamaka alimfuata Ambakisye mpaka penye kivuli cha ukuta. Hakuwa na uso wa ushindi. "Nkamu," alisema, "mimi nina watu thelathini na wawili kule kwenye mawe. Ningewapeleka wapi?" Ambakisye akamtemea mate miguuni. Gwamaka akayatazama yale mate, akaondoka.

Neli alikuwa bado amejifunika. Walipofika kwenye njia panda ya Matema alisema neno la kwanza tangu lile.

"Nipelekeni kwa kaka yangu."

Kaka yake alikuwa amekufa, lakini mke wake alikuwepo, katika kijiji cha wafinyanzi kilicho chini ya mlima, mahali ambapo panafikika kwa mtumbwi tu. Wakamvusha. Ambakisye alikaa mbele yake ndani ya mtumbwi, magoti yao yakigusana, na alitafuta la kusema mpaka wakafika. Alitaka kusema kwamba kosa ni la ramani. Alitaka kusema kosa ni la Gwamaka, la Hezroni, la yule mwenye ndevu nyekundu. Yote yalikuwa kweli kidogo. Lakini Gwamaka alisema neno moja ambalo halikuwa na uongo hata chembe, lile la aliyechuchumaa mbele na kumwambia sema, sema.

Asubuhi alimkuta mama ufukweni, amekaa na wifi yake, wanakanda udongo. Kitenge kilikuwa mabegani, kichwa wazi. Mvi zake zilikuwa nyingi kuliko alivyozoea kuziona. Kule juu hakuwa akikaa kichwa wazi.

"Ugonile, mama."

"Ugonile."

"Napanda. Viazi vitachukua wiki tatu. Vikiisha nitakuja kukuchukua."

"Unipeleke wapi?"

"Nitatafuta kiwanja Ngonga. Asifiwe kasema hata kwake, mtaa wa Bondeni, kuna chumba." Asifiwe alikuwa dada yake, aliyeolewa Kyela mjini.

Neli alilitupa donge la udongo juu ya ubao, akalipiga kwa kiganja.

"Na huko nitaitwa mke wa nani?"

"Mama, wewe ni mke wa Ezekia. Kila mtu..."

"Kila mtu alikuwepo jana." Akalipiga tena. "Miaka sitini na saba, Ambakisye. Nilipofika walinipima mdomo wangu tu. Si kulima, si kuzaa. Mdomo. Ungeniacha ninyamaze. Tungeshindwa vilevile, lakini ningeshindwa nikiwa mkwe wa watu."

"Nilidhani tutashinda."

"Najua ulidhani."

Ambakisye alingoja mama aongeze jambo, walau la kumtuma, achukue chungu fulani, amwangalizie kuku.  Neli alimgeukia wifi yake, wakaanza kuzungumza kwa Kikisi, harakaharaka, lugha ambayo kule juu hakuwahi kuitumia mbele ya wanawe. Wifi alicheka kidogo kwa jambo fulani, na mama naye akacheka. Ambakisye alisimama akisikiliza. Hakuambulia hata neno moja. Akaokota fimbo yake akashika njia.